EPO inayokinga tishu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kazi ya Anthony Cerami na wenzake

EPO ni nini, na kazi yake ya kawaida ni ipi?

Erithropoetini, au EPO kama inavyoitwa wodini na viwanjani, ni homoni inayotengenezwa zaidi na figo. Husafiri kwa damu hadi kwenye uboho wa mifupa, na huko huzizuia seli changa zisife kabla hazijakomaa kuwa seli nyekundu za damu. Wengi hudhani EPO inafanya kazi kama mbolea tu, yaani inazidisha seli. Kazi yake kubwa ni kuzinusuru zile ambazo zingejiua. Ukilishika hilo, mengine yote kwenye ukurasa huu yatakuwa rahisi.

Kimaumbile ni protini ya asidi amino 165, yenye minyororo minne ya sukari. Uzito wake ni takriban kilodaltoni 30, na karibu asilimia 40 ya huo ni sukari.

Figo zinajuaje kwamba damu imepungua?

Hazihesabu seli. Zinapima oksijeni. Oksijeni ikiwa ya kutosha, protini iitwayo HIF huvunjwa kila inapotengenezwa. Oksijeni ikipungua, HIF inabaki, inaingia kwenye kiini cha seli na kuiwasha jeni ya EPO. Gregg Semenza, Peter Ratcliffe na William Kaelin walipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2019 kwa kufumbua utaratibu huo. Mtu mwenye damu ya kutosha huwa na yuniti chache tu, kama 4 hadi 26 kwa lita. Mwenye upungufu mkali wa damu na figo nzima anaweza kufikia mamia, hata maelfu.

Iligunduliwa lini?

Wafaransa Paul Carnot na Clotilde Deflandre walidai kuwepo kwake mwaka 1906. Ilichukua miongo saba kuipata ikiwa safi: mwaka 1977 Takaji Miyake, Charles Kung na Eugene Goldwasser waliichuja kutoka lita 2,550 za mkojo wa wagonjwa wenye upungufu mkali wa damu unaotokana na uboho kushindwa kazi. Walichopata ni miligramu chache. Jeni yake ikanakiliwa mwaka 1985, na Marekani ikaidhinisha sindano ya kwanza mwaka 1989 kwa wagonjwa wa figo.

Cerami ni nani, na kwa nini jina lake linatajwa hapa?

Anthony Cerami ni mtafiti wa Marekani aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Ukiwa na kisukari umeshakutana na kazi yake: kipimo cha HbA1c kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili mitatu iliyopita kilitokana kwa sehemu kubwa na utafiti ambao yeye na Ronald Koenig walitoa mwaka 1976, ulioonyesha kwamba HbA1c hushuka sukari inapodhibitiwa.

Kazi yake ya pili inatugusa zaidi huku kwetu. Alikuwa akichunguza vimelea vya tripanosoma, vile vinavyoenezwa na mbung'o na kuleta malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Sungura walioambukizwa walikonda hadi kubaki mifupa huku damu yao ikiwa imejaa mafuta, ingawa vimelea vyenyewe vilikuwa vichache. Kumbe hakikuwa kimelea kilichokuwa kikiwala, ni mwili wenyewe: seli za kinga zilikuwa zikitoa kitu kinachozuia mafuta yasitumike. Mwaka 1985 Bruce Beutler, Cerami na wenzao walikitenga na kukiita kakektini, kisha ikabainika kuwa ndicho kile kile kinachoitwa TNF. Dawa za kuzuia TNF wanazodungwa leo wagonjwa wa baridi yabisi zina mzizi wake hapo.

EPO ilikuja baadaye, akishirikiana na daktari Michael Brines katika Taasisi ya Kenneth S. Warren, jimbo la New York.

TNF na EPO zinahusiana vipi?

Zinavutana. Tishu ikiumia, TNF hupanda, na ikipanda huzuia EPO isitengenezwe palepale kwenye jeraha. Wakati huohuo seli zilizo pembezoni mwa jeraha, zilizoumia lakini bado hazijafa, huanza kuonyesha vipokezi vya kuipokea EPO. Yaani mlango unafunguliwa na mgeni hatokei. Hoja ya Brines na Cerami ilikuwa kwamba ukiileta EPO kutoka nje katika muda huo, utaziokoa seli za pembezoni. Zile za katikati zimeshakwenda.

Ushahidi wa kwanza ulikuwa upi?

Mwaka 1998 kikundi cha Masahiro Sakanaka nchini Japani kilidunga EPO moja kwa moja ndani ya ubongo wa wanyama wadogo aina ya jabili waliokuwa wamekatiwa damu ya kichwani kwa muda mfupi, na seli nyingi za neva zikapona. Lakini nani atamtoboa mgonjwa wa kiharusi fuvu ili amdunge homoni? Kila mtu aliamini kwamba molekuli kubwa namna ile, ikidungwa mshipani, haiwezi kuvuka kizuizi kilicho kati ya damu na ubongo.

Mwaka 2000 Brines, Cerami na wenzao walichapisha matokeo yaliyoivuruga imani hiyo. Waliwadunga panya EPO kwa njia ya kawaida, yuniti 5,000 kwa kila kilo ya uzito, wakaikuta ubongoni, na eneo la ubongo lililokufa likapungua hata dawa ilipotolewa saa kadhaa baada ya mshipa kuzibwa. Baada ya hapo maabara nyingi ziliona mambo yanayofanana kwenye moyo, figo, uti wa mgongo na retina ya jicho.

Kwa nini dozi kubwa kiasi hicho?

Hapa ndipo penye kiini cha suala lote, kwa hiyo tupige hesabu.

Yuniti moja ya EPO ni takriban nanogramu 8 hadi 10. Mtu mzima mwenye yuniti 10 kwa lita ana kama nanogramu 100 kwa lita, ambazo ni pikomola 3 hivi (pikomola ni kipimo kidogo mno cha idadi ya molekuli, na pikomola 1,000 ni nanomola moja). Kwenye uboho, EPO hukamata vipokezi viwili vinavyofanana vilivyoshikana, na mshiko huo ni mkali sana: pikomola mia moja au mia mbili kwa lita zinatosha kujaza nusu ya vipokezi. Kiasi kidogo kikikaa siku nzima kinafanya kazi.

Kwenye tishu nyingine, kwa mujibu wa nadharia ambayo Brines na Cerami waliitoa mwaka 2004, kipokezi si kile kile. Kipande kimoja cha kipokezi cha EPO huungana na protini nyingine iitwayo CD131, ambayo kwa kawaida hutumika na homoni za kinga. Mshiko wa jozi hii ni dhaifu, unahitaji nanomola, yaani EPO nyingi zaidi mara makumi. Ukimdunga mtu yuniti 40,000, hizo ni kama miligramu 0.35, zikigawanywa kwenye lita 3 za plasma unapata nanomola 4 hivi. Umefika eneo la kinga ya tishu, lakini uboho umeshafurika zamani, na seli nyekundu zikizidi damu huwa nzito. Zaidi ya hapo, kuta za mishipa na chembe sahani zinachochewa na damu inaelekea kuganda.

Kwa kulinganisha, mgonjwa wa dialisisi huanzishiwa yuniti 50 hadi 100 kwa kilo, mara tatu kwa wiki. Mwenye kilo 70 anapata 3,500 hadi 7,000 kwa sindano.

Dozi ya panya inahamishwaje kwa binadamu?

Si kwa kuzidisha kilo kwa kilo. Ukifanya hivyo utapata yuniti 350,000 kwa mtu wa kilo 70, na hakuna daktari mwenye akili timamu atakayezidunga. Kanuni inayotumika huzingatia eneo la uso wa mwili. Dozi ya panya mkubwa wa maabara hugawanywa kwa takriban 6. Kwa hiyo 5,000 inakuwa kama 800 kwa kilo, au yuniti 56,000 kwa mtu mzima. Majaribio mengi ya binadamu yalitumia 33,000 hadi 60,000, hivyo hoja kwamba yalishindwa kwa sababu dozi ilikuwa ndogo haina nguvu kama inavyodaiwa.

Je, imejaribiwa kwa wagonjwa wa kiharusi?

Ndiyo, na matokeo yanapaswa kusomwa na kila anayevutiwa na habari za panya. Hannelore Ehrenreich na wenzake huko Göttingen, Ujerumani, walianza na jaribio dogo la wagonjwa 40, matokeo yakatoka mwaka 2002: yuniti 33,000 mshipani kila siku kwa siku tatu, kuanzia ndani ya saa 8. Waliopata EPO walipona vizuri zaidi.

Jaribio kubwa likafuata, wagonjwa 522, yuniti 40,000 mara tatu, na likachapishwa mwaka 2009. Faida haikuonekana. Vifo vilikuwa asilimia 16.4 kwa waliopata EPO na asilimia 9.0 kwa waliopata plasebo, yaani dawa bandia isiyo na EPO. Asilimia 63 ya wagonjwa walikuwa wamepewa pia dawa ya kuyeyusha bonge la damu, na watafiti waliona kwamba huenda mchanganyiko huo ndio uliowadhuru. Kwenye maabara karibu hakuna panya aliyepewa dawa mbili hizo kwa pamoja kabla ya jaribio hilo. Ni pengo ambalo lingezibwa kwa wiki chache za kazi.

Na magonjwa mengine?

Moyo: jaribio la REVEAL la mwaka 2011 lilitoa yuniti 60,000 mara moja kwa waliopata shambulio la moyo. Kovu halikupungua, madhara yakaongezeka.

Majeraha ya kichwa: EPO-TBI, mwaka 2015, watu 606, yuniti 40,000 kwa wiki, zisizozidi sindano tatu. Uwezo wa wagonjwa baada ya miezi sita haukutofautiana. Vifo vilikuwa asilimia 11 kwa EPO dhidi ya 16 kwa plasebo, tofauti inayotia moyo lakini isiyotosha kitakwimu.

Watoto njiti: PENUT, mwaka 2020, watoto 941 waliozaliwa wiki ya 24 hadi ya 27. Walianzishiwa yuniti 1,000 kwa kilo kila baada ya saa 48. Waliokufa au kubaki na ulemavu mkubwa walikuwa asilimia 26 kila upande.

Watoto waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa: HEAL, mwaka 2022, watoto wapatao 500 waliokuwa tayari wanapozwa mwili. Matokeo mabaya yalikuwa asilimia 52.5 kwa EPO na 49.5 kwa plasebo, na madhara makubwa yalikuwa mengi zaidi upande wa EPO.

Basi nadharia ni ya uongo?

La. Kwa maoni yetu kilichoanguka ni matumizi ya EPO nzima kama dawa ya dharura, na hilo ni jambo tofauti na kusema kwamba homoni hii haina uwezo wa kulinda tishu. Hata hivyo wapo wanasayansi wanaokataa nadharia yenyewe, na hoja yao si ya kupuuza.

Hoja hiyo inahusu kingamwili za maabara, yaani protini zinazotumika kunasa na kuonyesha protini nyingine kwenye tishu. Makala nyingi zilionyesha kipokezi cha EPO kwenye ubongo, moyo na hata uvimbe wa saratani kwa kutumia kingamwili za kununua. Mwaka 2006 Steve Elliott na wenzake wa kampuni ya Amgen walionyesha kwamba kingamwili maarufu iitwayo C-20 ilikuwa inashika protini nyingine, HSP70, ambayo ipo karibu kila mahali. Kwenye kipimo kinachotenganisha protini kwa uzito, mstari uliokuwa ukisomwa kama kipokezi ulikuwa kwenye kilodaltoni 66, ilhali kipokezi halisi kiko karibu na 59. Amgen inauza EPO, na ina maslahi kwenye jibu, lakini jaribio lenyewe lilikuwa safi na lilifuta picha nyingi nzuri. Ukisoma makala ya zamani yenye ubongo uliopakwa rangi ya kahawia, tafuta kwanza jina la kingamwili.

Cerami na Brines walijibuje tatizo la damu kuwa nzito?

Kwa kuzitenga kazi mbili za homoni. Walipita njia tatu.

Ya kwanza ilikuwa kuivua EPO asidi ya sialiki iliyo kwenye ncha za minyororo ya sukari. Bila ncha hizo ini huikamata, na nusu yake hufutwa kwenye damu kwa dakika moja na nusu hivi. Uboho unahitaji EPO ikae, kwa hiyo hausikii kitu. Tishu iliyoumia inahitaji kuguswa tu kwa muda mfupi, mnyororo wa ishara ukishaanza unajiendesha. Kazi hiyo ilitoka mwaka 2003.

Ya pili ni EPO iliyokarbamilishwa, ambayo kwa kifupi huitwa CEPO, iliyotangazwa mwaka 2004 pamoja na Marcel Leist wa kampuni ya Lundbeck ya Denmaki. Hapa lisini zote za homoni (lisini ni aina mojawapo ya asidi amino) zinabadilishwa kikemia kwa kubandikwa kipande kidogo kiitwacho karbamili, ikawa haiwezi tena kushika kipokezi cha uboho lakini bado inalinda seli za neva.

Ya tatu, mwaka 2008, ilikuwa ya kijasiri zaidi: waliitupa homoni karibu yote. EPO imekunjwa kama nguzo nne zilizosimama pamoja, A, B, C na D. Nguzo B haigusi kipokezi cha uboho, uso wake umeelekea nje kwenye maji. Walichukua asidi amino zilizo kwenye uso huo pekee, wakazipanga kwenye peptidi ya asidi amino 11. Ilizaa ARA 290, ambayo sasa inaitwa sibinetidi.

CEPO inatengenezwaje maabara, na ni nini huharibika?

Anza na EPO isiyo na albumini. Dawa nyingi za hospitali zimechanganywa na albumini au polisobati ili homoni isinate kwenye kioo. Ukitumia yenye albumini utaishia kuikarbamilisha albumini, maana ndiyo iliyo nyingi. Badilisha pia bafa, yaani kimiminika kinachoshikilia pH. Trisi haifai kabisa, kwa sababu ina amini na itakula sianati, kemikali inayobandika karbamili, kabla haijaifikia protini. Tumia borati yenye pH ya karibu 8.8, ongeza sianati ya potasiamu, acha kwenye nyuzi 37 usiku kucha. Kisha ondoa sianati yote iliyobaki kwa kuchuja kwenye safu ya jeli na kufanya dialisisi kwenye baridi.

Kupima ndipo watu wanapokosea. Kila karbamili inaongeza daltoni 43. EPO ina lisini 8 na mwanzo mmoja wa mnyororo, kwa hiyo unatarajia ongezeko la daltoni 387. Lakini sukari za EPO hazilingani kutoka molekuli hadi molekuli, na kwenye mashine ya kupima uzito wa molekuli zitakupa kilima kipana kisichosomeka. Ikate sukari kwanza kwa kimeng'enya cha PNGase F.

Hata ukiona ongezeko sahihi, usiridhike. Kama asilimia 1 ya homoni imebaki bila kubadilika na wewe unatoa nanomola 4, hiyo ni pikomola 40, inayotosha kuuamsha uboho. Ndiyo sababu kila fungu linapitishwa kwenye seli za UT-7, ambazo hazikui bila EPO: zikikua, fungu halifai. Baada ya hapo wadunge panya mara tatu kwa wiki kwa wiki kadhaa ukipima hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo seli nyekundu. Ikipanda, matokeo yako ya kinga ya tishu hayana maana, kwa sababu huwezi kusema yametokana na nini.

Karbamili hizi hujitokeza zenyewe pia mwilini mwa mwenye figo zilizoshindwa, kwa kuwa urea iliyozidi huvunjika polepole kuwa sianati.

Tunaanza majaribio ya EPO kwenye panya. Makosa ya kawaida ni yapi?

Joto. Panya aliyelazwa kwa dawa ya usingizi hupoa haraka, na kupoa kwenyewe kunalinda ubongo. Kundi likipoa nyuzi mbili zaidi ya jingine utapata matokeo mazuri ya dawa isiyofanya kitu. Weka kipimajoto cha njia ya haja kubwa na mkeka wa joto, shikilia nyuzi 37 kwa tofauti isiyozidi nusu.

Kundi la ulinganisho. Lipewe kimiminika kile kile cha dawa bila EPO, chenye albumini au polisobati yake. Maji ya chumvi peke yake hayatoshi.

Kunata. EPO ya kiwango cha chini hushika kuta za plastiki. Iyeyushe kwenye albumini ya asilimia 0.1 na utumie mirija isiyonatisha, la sivyo dozi uliyoandika daftarini siyo iliyomfikia mnyama.

Kutikisa. Chupa ya EPO haitikiswi na haigandishwi. Inakaa nyuzi 2 hadi 8. Povu ukiliona, protini imeanza kujikunja vibaya na kushikamana.

Sumu ya bakteria. EPO iliyotengenezwa na bakteria maabara haina sukari na mara nyingi hubeba endotoksini. Endotoksini hupandisha TNF, kitu hasa unachojaribu kukishusha.

Mnyama mwenyewe. Dume mchanga mwenye afya tele hafanani na mama wa miaka 68 mwenye kisukari na presha. Tumia jinsi zote mbili, wazee pia, na anayepima jeraha asijue nani alipata nini. Andika dozi kwa yuniti na kwa mikrogramu.

Sibinetidi imefika wapi?

Imejaribiwa zaidi kwa watu wenye sakoidosisi, ugonjwa wa uvimbe unaotokana na kinga ya mwili, ambao neva nyembamba za ngozi zimeharibika. Huhisi miguu inaungua, shuka tu likiwagusa ni maumivu. Kazi nyingi ilifanyika Leiden, Uholanzi, na timu ya Albert Dahan. Jaribio la mwanzo lilikuwa na wagonjwa 22, waliopata miligramu 2 mshipani mara tatu kwa wiki kwa wiki nne. La baadaye, lililotoka mwaka 2017, lilikuwa na watu 64 waliojidunga chini ya ngozi kila siku kwa siku 28. Neva za konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, ziliongezeka kwa waliopata miligramu 4. Walijaribu pia kwa wenye kisukari cha aina ya pili.

Hemoglobini haikupanda, jambo ambalo nadharia ilitabiri. Lakini haya ni majaribio madogo na ya muda mfupi, na peptidi hii haijaidhinishwa kama dawa.

Naiona ikiuzwa mtandaoni. Ninunue?

Usinunue. Chupa zinazouzwa kwa jina la kemikali ya utafiti hazikaguliwi kama dawa: huna uhakika wa kilichomo, wingi wake, wala kama haina vijidudu.

Kuna utafiti wowote uliofanyika Afrika?

Upo, na mmoja ni wa pwani yetu. Mwaka 2008 Climent Casals-Pascual na wenzake walichapisha uchunguzi wa watoto 124 wa Kenya wenye malaria ya ubongo. Waliokuwa na EPO zaidi ya yuniti 200 kwa lita kwenye plasma walikuwa na hatari pungufu kwa zaidi ya asilimia 80 ya kubaki na ulemavu wa neva. Hii ni EPO ya mwili wao wenyewe, iliyopanda kwa sababu malaria iliwamaliza damu. Ni uhusiano tu. Mtoto aliyeugua kwa siku nyingi zaidi, kwa mfano, hutofautiana na aliyezidiwa ghafla kwa mambo mengi mbali na EPO.

Mali walikwenda hatua moja mbele: watoto 35 wenye malaria ya ubongo walipewa kwinini pamoja na yuniti 1,500 za EPO kwa kilo kila siku kwa siku tatu. Madhara ya haraka hayakuongezeka. Jaribio lilikuwa dogo mno kusema kama liliwasaidia. Matibabu ya malaria kali yanabaki artesuneti ya sindano, na mtoto mwenye degedege akimbizwe hospitali.

Niko kwenye dialisisi na nachomwa EPO. Moyo na ubongo wangu vinalindwa?

Usiichukulie hivyo. Dozi yako ni ya kupandisha damu, na kuipandisha kupita kiasi kunadhuru. Jaribio la CHOIR, mwaka 2006, lililenga hemoglobini ya 13.5 dhidi ya 11.3 kwa wagonjwa wa figo, na waliolengwa juu walipata shida zaidi za moyo na vifo. TREAT, mwaka 2009, lilikuta kwa wenye kisukari na figo dhaifu kiharusi asilimia 5.0 kwa waliopata aina ya EPO inayokaa muda mrefu, dhidi ya 2.6 kwa waliopata plasebo.

Kwa hiyo usimwombe daktari aongeze ili ujisikie na nguvu. Hemoglobini isipopanda, muulize kuhusu madini ya chuma, maambukizi na ubora wa dialisisi yenyewe kabla ya kuongeza yuniti. Presha ipimwe kila mara. Na kama damu ilikuwa imepanda vizuri kisha ikaporomoka ghafla ukiwa bado unadungwa, mwambie daktari siku hiyohiyo: kwa nadra mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya EPO, zikaua hata ile kidogo uliyobaki nayo, na hapo sindano zinapaswa kusimamishwa.

Mwanariadha akiitumia hapati kinga hiyo ya tishu kama faida ya ziada?

Anapata damu nzito akiwa amekaukiwa maji kilomita ya 35. EPO ilipigwa marufuku na Kamati ya Olimpiki mwaka 1990, na kipimo cha kuigundua kikaanza kutumika Sydney mwaka 2000. Kipimo kinatofautisha sukari za EPO ya kiwandani na za EPO ya mwilini.

Baba yangu amepata kiharusi jana. Nimwombe daktari ampe EPO?

Hapana. Ulizia mambo haya: kipimo cha CT cha kichwa kimefanyika? Ni kuziba au kuvuja damu? Anaweza kumeza bila kupaliwa, au alishwe kwa mpira? Presha, sukari na homa vinapimwa mara ngapi? Mazoezi ya viungo yanaanza lini? Kama alikuwa akipata sindano ya EPO kwa ajili ya figo kabla ya kiharusi, waambie madaktari ni aina gani, yuniti ngapi na alichomwa lini mara ya mwisho, huenda wakaisimamisha.